Saa Moja Bila Kumwaga

Benchi lilikuwa chini ya jengo la ghorofa nne, upande wa kivuli, na kila alasiri lilikaliwa na makalio yale yale. Alikuwepo Dobi wa ghorofa ya pili, vidole vimekunjamana kwa maji. Alikuwepo Injinia wa ghorofa ya tatu, mtengeneza redio, ambaye chuo cha uinjinia alikiona kwenye kalenda tu. Na alikuwepo Mjumbe wa ghorofa ya nne, ambaye hakuna aliyekumbuka kumchagua, lakini alikuwa na daftari na sauti, basi yakaisha. Muuza kahawa alimimina, dunia ikatengenezwa upya kikombe kwa kikombe. Ila siku hiyo hata kahawa ilishindwa kufunika harufu. Choo cha chini kilikuwa kimefurika tena, mara ya nne tangu mwezi uanze, na chini anakaa Mama Cherehani, fundi nguo, mjane asiyejua ugomvi na mtu. Mpaka siku hiyo.

Alitoka mlangoni na kopo mkononi, sketi kaifunga magotini, hasira zimemfika kooni. Tangu asubuhi anazoa uchafu. Binti yake amejifungua juzi, anatoka hospitali leo leo, na alisema hataki kulelewa uzazi kwingine ila kwa mama yake. Kitanda kilitandikwa shuka jipya, vinguo sita vya mtoto vikashonwa kwa mkono. Sasa maji meusi yamefika kwenye miguu ya kitanda.

— Nani amemwaga?

— Salamu kwanza, mama, alisema Mjumbe.

— Salamu nitakupa nikikauka. Nani amemwaga?

Mapatano yalikuwa mepesi, hata mtoto angeyashika. Bomba la uchafu ni moja kwa jengo zima. Fundi bomba alisema atalifungua kule chini, na kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tano asimwage mtu juu hata kikombe. Mjumbe mwenyewe alipita mlango kwa mlango na daftari, watu wakatia sahihi. Saa nne na robo, fundi kaingiza mkono mpaka kwapani, maji yakamshukia ya utosi. Alijifuta uso, akakusanya vyuma vyake, akasema na yeye ana mama aliyemzaa. Akaenda zake, na simu hapokei.

— Mama Cherehani, tulia, alisema Mjumbe. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayazoleki? Mimi ninafanya nini na kopo hili tangu asubuhi, ninacheza?

Dobi akakohoa.

— Mimi nawajua. Ni jengo la jirani. Wametoboa ukuta kimya kimya, wameunga bomba lao kwenye letu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Jirani ana shimo lake la maji machafu, wala halijajaa, alisema Injinia. Acha niwape sayansi. Hili jengo linazama. Kila mwaka linazama kidole kimoja. Bomba lililokuwa linateremka, sasa linapanda. Uchafu unapanda mlima, ukichoka unarudi nyumbani.

— Na nyumbani ni kwangu! alisema Mama Cherehani.

— Sayansi haina huruma, mama.

— Mnazunguka tu, Mjumbe akashusha sauti. Kilichoziba bomba lile ni kenge. Aliingia mdogo, akala, akanenepa, akakwama kama kizibo. Akigeuka upande, maji yanapita. Akilala, yanarudi.

— Kenge?

— Mkubwa. Mimi usiku namsikia anakwaruza.

Mama Cherehani alihisi damu inampanda kichwani. Miaka yote kumi na moja ya kukaa hapo amewapunguzia suruali hawa, amewatia vifungo, amewaitikia kila wito. Leo anaomba saa moja, anapewa kenge.

— Haya. Huyo kenge anafua kwa sabuni? Maana maji yaliyomwagikia fundi yalikuwa na povu la buluu.

Macho yote yakaenda kwa Dobi. Dobi akayapeleka kwenye kikombe.

— Beseni moja tu, alisema. Mashati meupe ya watu. Buluu ya kung'arisha ikikaa sana inaacha madoa, mama, mteja atanila nyama. Nikajua wenzangu wote wamefunga, beseni moja litafanya nini? Haba na haba...

— Hujaza chumba changu! Malizia!

— Unaona? Injinia akaruka. Beseni zima! Mtu ametia sahihi! Mimi angalau yangu ilikuwa dharura.

Injinia akajua ameropoka.

— Dharura gani? akauliza Mama Cherehani.

— Tumbo, mama. Tumbo halina saa. Na nilivuta maji mara moja. Haraka haraka haina baraka, nikavuta taratibu.

— Aibu! Mjumbe akafunua daftari kwa kidole cha hasira. Aibu tupu! Nimepanda ngazi na goti hili bovu, nimegonga milango yote, nikarudi kwangu, nikavuta maji nisikilize kama watu wanatii...

Kidole kikabaki kwenye ukurasa.

— Ulivuta maji, alisema Mama Cherehani polepole.

— Kujaribu tu. Kiongozi lazima ahakikishe.

Mama Cherehani alitamani kumtupia kopo. Alilishika kwa nguvu mpaka likabonyea. Ndipo akamwona mkwewe amesimama pembeni, begi la mtoto begani. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

— Shikamoo, mama. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha ya waliopata pa kupumulia.

Mkwe alichungulia mlangoni, akaangalia kitanda, akaangalia maji. Akarudi mpaka benchini. Hakupandisha sauti.

— Wewe mama najua hukumwaga. Nawauliza hawa. Huko juu, kuna nani ambaye hakumwaga?

Dobi akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mjumbe. Mjumbe akapitia sahihi zake toka juu mpaka chini, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, akafunga daftari. Muuza kahawa akainamisha birika, halikutoa hata tone, na hakuna aliyelalamika.

— Wako kwenye teksi hapo kona, alisema mkwe. Nisamehe, mama. Nitawapeleka kwa mama yangu.

— Wapeleke, baba. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo.

Alimfuata hadi kona. Binti akashusha kioo, uso umevimba kwa usingizi, akamnyanyua mtoto aliyefungwa kwenye blanketi jeupe.

— Mama, mshike basi.

Mama Cherehani akarudi nyuma hatua moja, mikono kaificha mgongoni.

— Siwezi kumshika nikiwa hivi, mwanangu. Nendeni. Nikishaoga tu, nakuja huko huko.

Teksi ilikuwa imeshakata kona alipokumbuka kwamba hana pa kuogea.