Ngobyi Haipitwi Njiani

Shikamooni wazee, na wengine hamjambo. Mtaniwia radhi nikiongea nimekaa, mguu huu haupendi kusimama. Mama mwenyekiti amenipa dakika tano. Mnanijua, mimi ni fundi cherehani, na fundi hamalizi kazi siku aliyoahidi, kwa hiyo nivumilieni.

Hamjawahi kuniuliza kwa nini nachechemea, na nawashukuru kwa adabu hiyo. Leo kikundi chetu kinapokea wanachama wapya, basi nitasema mwenyewe.

Miaka ile ya kukimbia, kwetu Burundi kulipochafuka, nilimtanguliza mke wangu na mtoto wetu mchanga pamoja na majirani. Mimi nikarudi nyumbani kuchukua cherehani. Mke wangu alikuwa ameniambia, "Achana na hilo chuma, twende." Nikamjibu kwamba hajui kazi ya fundi. Naona kina mama mnatikisa vichwa. Tikiseni tu, mna haki.

Nilipofika Kagunga, pale ufukweni mwa ziwa, upande huu wa mpaka, wao walikuwa wameshapanda mlima tangu jana yake. Mnaoujua ule mlima mnajua: unaanzia majini unasimama wima, njia inapita msituni, mizizi na tope tupu, na barabara iko upande wa pili. Nikaambiwa magari ya kupeleka watu kambini yanaondoka jioni ileile, na kambi si moja. Nikiwakosa pale, nitawatafutia wapi? Nikajitwika kichwa cha cherehani begani, nikapanda mbiombio.

Katikati ya mlima nikaikuta ngobyi. Kwa msioijua, ni machela ya kusukwa kwa mianzi, wagonjwa wetu hubebwa humo mabegani. Wanaume wanne walikuwa wamembeba bibi mmoja aliyevimba magoti. Sasa ndugu zangu, Mha anajua na Mrundi anajua: ngobyi haipitwi njiani. Ukiikuta unatua mzigo wako, hata kama unaenda harusini, unatoa bega kwa kitambo, ndipo unaendelea na safari yako. Tumelelewa hivyo.

Mmoja wa wabebaji alikuwa anahema vibaya. Akaniambia, "Ndugu, tupokee kidogo." Nikashusha kofia usoni, nikasema, "Mgongo unaniuma." Na cherehani ninayo begani! Yule bibi alinitazama. Nikawapita.

Nawaambia ukweli, sikufika mbali. Karibu na kilele nilikanyaga mzizi wenye tope. Cherehani ikaenda bondeni, nikaisikia inagonga mawe mpaka ikanyamaza. Mguu wangu ulikuwa umegeukia kusikostahili. Nikajaribu kutambaa nikashindwa. Watu wakapita, kila mmoja na mtoto mgongoni, wala siwalaumu. Nikalia, mtu mzima mimi, nikiwaza mke wangu anapakiwa garini na mtoto na mimi sijulikani niliko.

Kisha nikaiona ile ngobyi inakuja. Nilitamani ardhi inimeze. Ikasimama mbele yangu, bibi akachungulia, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mgongo umepona?"

Wabebaji wakacheka. Mimi nikasema, "Bibi, nisamehe. Nendeni tu, mkifika mwambieni mke wangu niko huku."

"Utamwambia mwenyewe," akasema. Kisha akawaambia wale wanaume, "Nishusheni."

Wakakataa. Akawaambia, "Mimi magoti yamevimba, hayajavunjika. Palipo pabaya atabebwa yeye. Pakiwa tambarare nitabebwa mimi, naye ataruka kwa mguu mmoja akishikwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Nililala katika ngobyi yake nikimtazama bibi wa watu anapanda kinyumenyume, kwa mikono na makalio, sketi yote tope. Waha wa kijiji cha juu waliokuwa wanashuka na mihogo wakatua vikapu bila kuombwa, wakatoa mabega, wengine wakaja kumshika yeye mkono.

Kileleni akaomba tupumzike. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na milima ya Kongo ng'ambo. Akasema, "Tazameni lilivyo zuri. Tangu asubuhi tunaangalia visigino tu."

Tulipofika barabarani magari yalikuwa yameshaondoka. Nikakata tamaa kabisa. Halafu nikamwona mwanamke amekalia furushi, mtoto mapajani. Tangu jana yake wenye magari walikuwa wanamwambia apande, yeye anawajibu, "Mwenye cherehani bado." Alinitazama mikono mitupu, akautazama mguu. Mpaka leo hajaniuliza cherehani iliko.

Nawashukuru wale wanne, na watu wa mihogo ambao sikuwajua hata majina. Namshukuru mke wangu, yuko pale nyuma anaficha uso. Nanyi wenyeji wa hapa Gungu mlionikopesha kibaraza nianze upya kushona, Mungu awalipe. Wanachama wapya, masharti ya kikundi mtasomewa na katibu. Mimi nawaombeni moja tu: mkiikuta ngobyi, tueni mzigo.

Yule bibi tuliishi naye kambini, kibanda chake ubavuni mwa chetu, mtoto wetu akimwita nyanya. Alipofariki, niliomba nimbebe nikiwa mbele. Watu wakaniambia, wewe pumzika, mguu wako. Nikawaambia niacheni. Nikatoa bega kutoka mlangoni pake mpaka kaburini, na mgongo haukuniuma.