Miaka Ambayo Mama Hakuwa Safarini

Waombolezaji wenzetu, majirani, na ninyi nyote mliofunga maduka na kuacha zamu ili kumsindikiza mama yetu, mimi ni kifungua mimba wake, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujampeleka makaburini. Jana kikao kiliamua kwamba miaka minne ya katikati niiruke, niseme tu alikuwa safarini. Kusoma nimekubali, kuruka sikukubali, na baba mkubwa anayenikazia macho hapo mbele anisamehe mapema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa pili wa mwashi na muuza mkaa, na hakuwahi kukanyaga darasani, kwa sababu kila zamu yake ilipokaribia alizaliwa mdogo mwingine wa kubebwa mgongoni. Mwaka 1977 aliajiriwa kufua mashuka katika nyumba ya wageni karibu na stesheni, na huko ndiko baba yetu, fundi bomba, alikokwenda kuziba bomba ambalo, kwa namna isiyoeleweka, lilivuja upya kila wiki. Walifunga ndoa tarehe 2 Agosti 1980, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 17 Juni 1993, shangazi yetu, dada wa baba, ambaye yuko hapa nasi, alimwachia mama mwanawe wa miaka miwili aliyekuwa na kikohozi, akaenda kazini. Rafuni kulikuwa na chupa mbili za kahawia kutoka duka moja la dawa, moja ya kikohozi, nyingine ya kuchua mgongo wa baba, na hii ya pili ilibandikwa karatasi yenye maneno "Ya kupaka tu, usinywe". Mama alichukua hiyo, akapima kijiko, akamnywesha mtoto, na mtoto alifariki jioni ile hospitalini. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka minne kwa uzembe uliosababisha kifo, na shangazi alipopita mbele yake alimwambia, "Usinisalimie tena."

Gerezani serikali ilikuwa imeanzisha darasa la kisomo cha watu wazima, kwenye chumba cha kushonea sare, na idara ya elimu ilileta mwalimu kila wiki, mpaka fungu la usafiri lilipokatwa na mwalimu akaacha kuja. Februari 1995 ulikuja ujumbe kutoka wizarani, wafungwa wakapangwa mstari, wakaonywa kwamba jibu la kila swali ni hatuna tatizo, na kweli, mmoja baada ya mwingine walijibu hatuna tatizo, hadi zamu ilipomfikia mama, akasema, "Mheshimiwa, mwalimu haji, na sisi tumeishia ma me mi mo mu. Maneno yaliyonileta huku yana herufi ambazo bado hatujazifikia."

Wageni walipoondoka, mama alitolewa kwenye cherehani akapelekwa kusafisha vyoo, na kila kufuli lilipolia alidhani wanamfuata yeye. Aprili gari la serikali liliingia likiwa na mwalimu, vitabu, chaki na mbao za kuandikia, na darasa lile halijafungwa hadi leo.

Alitoka mwaka 1997 akiwa na cheti, na mwaka uliofuata idara ilimwajiri kufundisha asubuhi kulekule gerezani, na jioni katika ukumbi wa mtaa wetu. Somo lake la kwanza lilikuwa chupa, kila mwanafunzi asome kabla ya kufungua, na sisi nyumbani hata chumvi tulikuwa hatuigusi bila kusoma kopo. Mwaka 2006 shangazi, ambaye naye hakuwa amesoma, aliingia ukumbini, akakaa kiti cha karibu na mlango, na kwa miaka miwili mama alimfundisha bila salamu, darasa zima likibana pumzi kila daftari lake lilipofika mezani kwa mama.

Oktoba 2022 mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na alipozidiwa, shangazi alibisha hodi akiwa na mfuko wa nguo, akasimama mlangoni, akasema, "Wifi, hujambo? Nimekuja kukuuguza." Tuliangaliana, maana hakuna kati yetu aliyethubutu kumwacha peke yake na dawa za mama. Mama ndiye aliyetuamuru tutoke. Alifariki tarehe 11 Mei 2023, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubeba, walimu wenzake, na wanafunzi wake mlioketi nyuma, mnaojua wenyewe mlisomea wapi. Shangazi, wewe nimekuacha mwisho makusudi. Kila dozi uliishika chupa kwenye mwanga, ukaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na mama alisikiliza hadi mwisho ndipo akafungua mdomo. Jana baada ya kikao ulinishika mkono ukaniambia, "Soma yote. Mwanangu naye atajwe."

Ametajwa, shangazi. Na wewe mama, umesomwa mpaka mwisho, sasa pumzika kwa amani.