Truiti Wanangoja Kahawa Iishe

Pale Fizi-Centre, njia inapokata kona kuelekea ofisi za serikali za teritwari, kuna benchi refu la mbao ambalo limebeba maneno mengi kuliko matako. Mguu wake mmoja ulivunjika mwanzo wa kiangazi, Isidore, mmoja wa wanaolikalia, akautengeneza na kuuzungushia mpira wa baiskeli, na tangu hapo hakuna aliyeutazama tena. Mbele ya benchi Adolphine huweka jiko na birika la kahawa ya tangawizi. Hapo ndipo Kamati ya Maji hukutana, kwa kuwa ofisi yake haijajengwa. Kamati ina wajumbe watatu na kanuni mbili. Ya kwanza, uamuzi ni halali wajumbe wote wakiwa wamekaa. Ya pili, mkutano haufungwi birika likiwa bado na kahawa. Adolphine ndiye mwenye birika, na kiangazi hiki alikuwa amejuta mara nyingi kwamba kahawa yake ni tamu ya kunywewa polepole.

Alikuwa na sababu. Juu mlimani kuna bwawa dogo, baraji kama wanavyoliita wenyewe, linalozungusha mashine ya kusaga, na katika mto unaotoka bwawani chama cha bamama kimeweka samaki wanaoitwa truiti, wenye madoa mekundu na roho ndogo: joto kidogo tu, wanakufa. Adolphine ndiye mkubwa wa chama. Samaki hao amewalisha tangu wakiwa na urefu wa kidole. Fundi aliyewaleta alieleza jambo moja kabla ya kuondoka: bwawa lina milango miwili. Maji ya juu yanapigwa na jua, maji ya chini ni baridi. Kiangazi, jua likipanda, ufunguliwe mlango wa chini kidogo, kisha ufungwe, ili baridi itoshe mpaka mvua. Mwaka huu mlango wa chini haukuwa umefunguliwa hata siku moja, kwa kuwa Kamati ilikuwa haijaamua. Asubuhi ile Adolphine alishuka mtoni akawakuta samaki wake juu ya maji, midomo wazi, na baadhi wamekwisha geuza matumbo. Alirudi, akapika kahawa nusu birika tu.

— Bapapa, leo mufungue ule mulango ya chini, alisema akiwamiminia. Basamaki banakufa. Mi mwenyewe nimebaona.

Alphonse, ambaye wote humwita Prezida kwa sababu zamani alishika muhuri ofisini na hajaona haja ya kuusahau, alionja kahawa kwanza.

— Pole, Mama Adolphine. Lakini babu zetu balisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ile mayi ikisha toka, nani atairudisha? We?

— Si kumwaga, Prezida. Ni kufungua kidogo na kufunga.

— Kidogo njo mwanzo ya mingi.

— Na tena, samaki mkunje angali mbichi, aliongeza Eddy, anayeitwa Pasta ingawa kanisa hana. Ni Maandiko.

— Si Maandiko, ni methali, Isidore alisema.

— Yote ni ya Mungu. Mi nasema, bazoee! Batoto yetu banazaliwa na joto, banaenda masomo na joto, hakuna mwenye kubafungulia baraji.

Isidore ndiye Inginia wa kijiwe. Hutengeneza redio, baiskeli, na siku hizi hata mambo ambayo hayajaharibika. Ubishi ni kazi yake, lakini leo alibisha kama mtu anayefukuzwa.

— Shida haiko mulango, alisema. Shida ni sayansi. Mayi ya chini iko baridi kwa sababu haijaona jua. Ikitoka, itaona jua. Ikiona jua, itakuwa moto. Basi tutakuwa na moto huku juu, na moto kule chini. Tumepoteza yote!

— Sasa unataka nini? Adolphine aliuliza.

— Tupige mabati juu ya mto. Toka baraji mpaka muji ya Baraka, kule ziwani.

Prezida alitikisa kichwa kwa heshima.

— Mabati. Hiyo inaomba bajeti.

— Hata bila mabati, mi nakataa, Pasta alidakia. Ile baridi ni ya kwetu, inazaliwa huku mulimani. Tukiiachilia, itashuka mpaka ziwani, bantu ya Baraka baioge bure! Na basamaki bataifuata. Utasikia tu, truiti ya Mama Adolphine inauzwa soko ya Kazimia.

— Truiti haiwezi kufika Kazimia, Adolphine alisema.

— Mama, kintu ikikosa pumuzi inakimbia!

— Si njo hiyo minasema? Bamekosa pumuzi!

Hakuna aliyemsikia, kwa maana Prezida alikuwa ameinua kidole.

— Na baridi ikivuka ziwa? Ile ziwa si yetu peke yetu, ng'ambo kuko inchi ingine. Ndakala yabo, bale badagaa, ikishikwa na mafua, nani ataitwa Kinshasa kujieleza? Prezida ya komite. Mimi!

Benchi zima lilimwona Prezida akishuka ndege Kinshasa na truiti mmoja kwenye mfuko kama ushahidi. Pasta alimuuliza kwa sauti ya chini atavaa koti gani.

Adolphine aliwatazama wote watatu. Samaki walikuwa wanakufa, na hawa walikuwa wanachagua koti! Aliwachukia kwa moyo wake wote. Kisha akawamiminia tena, akijaza vikombe mpaka juu, kwa sababu mkutano ule usingekufa ila kwa kunywewa.

Ndipo Uwamwiza alipotokea, mama anayeteremka kila siku ya soko na maziwa kutoka pande za Minembwe. Alitua kidumu chake, akawaamkia bapapa, akaomba kahawa, akasikiliza.

— Nimepita kando ya mto, alisema. Basamaki banapumua inje. Mbona hamufungui?

— Dosie, ile faili ya mulango, iko kwa meza, Prezida alimjibu.

Uwamwiza aliitafuta meza, hakuiona.

— Sawa, papa. Lakini ile chuma ya kuzungusha mulango iko fasi gani? Nimepita pale baraji, kuko tundu tu.

Prezida alimtazama Pasta. Pasta alitazama juu. Isidore alitazama viatu vyake, kisha, bila kupenda, akatazama kando kidogo ya viatu. Adolphine akayafuata macho yake. Ule mpira wa baiskeli kwenye mguu wa benchi ulikuwa umelegea, na ndani yake palikuwa na chuma kinene kilichopinda kama kiwiko. Alikijua. Alimwona fundi akikizungusha kwa mikono miwili siku ya kwanza.

— Isidore!

— Benchi ilivunjika, mama. Komite ingekaa wapi?

— Toka mwanzo ya kiangazi?

— Ilikuwa ya muda tu.

— Mungoje, mungoje, Prezida aliingilia. Hiyo inageuza dosie. Tukiondosha chuma, benchi inaanguka. Benchi ikianguka, komite haikai. Na komite isipokaa, haina nguvu ya kukubali chuma itoke.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Pasta alisema kwa huzuni.

— Sawasawa. Kwanza tufanye komite ndogo ya benchi.

Adolphine aliinua birika akalipindua mbele ya macho yao. Tone moja lilianguka kwenye jiko, likalia kidogo, likanyamaza.

— Kahawa imeisha.

Kwa kanuni ya pili mkutano ulikuwa umefungwa, na wote walilijua hilo, lakini hakuna aliyenyanyuka. Basi Adolphine alipiga magoti kwenye vumbi, akaukata mpira kwa kisu chake cha tangawizi, akashika chuma kwa mikono miwili, akavuta.

Kamati ilishuka yote kwa pamoja. Pasta aliliita jina la Yesu. Isidore alianguka na kikombe mkononi na kahawa kifuani. Vumbi lilipotulia, Adolphine na Uwamwiza walikuwa tayari wanapanda njia ya bwawa, mmoja ameshika ncha hii na mwenzake ile, karibu kukimbia, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Prezida alipapasa kulia akamkuta Isidore, akapapasa kushoto akamkuta Pasta, wote matako chini. Uso wake ukang'aa.

— Munaona? Bado tumekaa bote, alisema. Basi komite imekubali, kwa sauti moja!

Akageuka kumwambia Adolphine uamuzi, akakuta jiko peke yake.