Mikono Mifukoni

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na kwa kuwa marehemu hakupenda kitambaa kipotee bure, sitarefusha.

Baba yetu, ambaye wateja walimwita Fundi Sentimita kwa kuwa hakukosea kipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akafundishwa kushona na mjomba wake, na mwaka 1974 akafungua chumba chake, chenye cherehani moja, pasi ya mkaa na kioo kilichopasuka pembeni. Tarehe 6 Desemba 1975 alimuoa mama yetu, mteja aliyeleta sketi ipunguzwe, akairudisha mara tatu ingawa ilikuwa imemkaa vizuri, wakajaliwa watoto wawili, mimi na kaka yangu huyu.

Tarehe 9 Februari 2017 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, naye akawa na hamu moja tu, kurudi kwenye cherehani yake. Sisi kwa mapenzi tulimlisha, tukamvisha, tukambeba, mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja nyumbani akatuambia wazi kwamba tunamlemaza, akaagiza kila anayesimama karibu naye aweke mikono mifukoni. Mama alilalamika kwamba gauni lake halina mfuko, na baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kicheko cha kwanza tangu augue.

Basi haba na haba, kaka akamhesabia kuinuka kitini, mama akampa vitambaa avikunje kwa mkono mgonjwa, mimi nikatembea nyuma yake kwenye korido, roho mkononi, mikono mifukoni. Tarehe 20 Juni alifika kwenye cherehani kwa miguu yake, akamshonea mama mfuko, umekwenda upande, Sentimita mzima, tukacheka hadi machozi. Alishona mmoja tu, akisema mkono wa pili wa mama atakuwa ameushika yeye. Gauni hilo mama amelivaa leo.

Alishona karibu miaka saba zaidi, moyo ukamsumbua ghafla, akafariki hospitalini tarehe 5 Mei 2024, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, mafundi wenzake, mtaalamu wake wa mazoezi, na majirani mliojifunza kumwacha apande ngazi mwenyewe.

Baba, ulitukataza kukubeba, nasi tukatii. Leo tunatoa mikono mifukoni. Pumzika kwa amani, Fundi, hapa tuachie sisi.