Ini la Kufungulia Biashara

Ndugu waombolezaji, hii ni safari ya maisha ya mpendwa wetu, mchinja kuku tuliyemwita Chapuchapu kwa wepesi wake wa kunyonyoa, na anayeisoma ni mdogo wake, ambaye anaomba mumvumilie sauti ikitetemeka, kwani mbali na majonzi ana hofu, kilichomwondoa kaka yake walikila wote sahani moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, mtoto wa kwanza wa muuza mkaa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988, hesabu zikimpiga chenga, na mwaka 1991 akaingia kwenye banda la kuku sokoni. Hapo ndipo alipomfundisha mdogo wake kazi, na kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alipitisha ini kwenye makaa mara moja tu, wakagawana likiwa bado linavuja damu, eti kufungua biashara. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1999, akajaliwa mabinti wawili, ambao walimwambia ini hilo halijaiva, akawacheka hadi akashika mbavu.

Tarehe 3 Machi mwaka huu marehemu na mdogo wake waliharisha pamoja siku nne, wakataniana nani kashinda chooni zaidi, wakapona. Tarehe 13 vidole vya miguu ya marehemu vikafa ganzi, akasingizia viatu, tarehe 14 ngazi zikamshinda, tarehe 16 kisu kikamponyoka, na tarehe 17 ndipo akapelekwa hospitali, hawezi hata kumeza mate. Daktari alieleza kwamba bakteria wa kuku asiyeiva waliingia utumboni, kinga ya mwili ikawashambulia, kisha, kwa kuwa wanafanana na mishipa ya fahamu, ikaigeuzia kibao mishipa yenyewe, jambo linalowapata wachache, na wengi wao hupona wakiwahi. Marehemu alichelewa, akafariki tarehe 21, saa nne asubuhi, akili timamu, macho yakimfuata mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wachinjaji wenzake waliofunga mabanda yao leo.

Mdogo wake anaongeza jambo ambalo hata mke wake yeye mdogo analisikia sasa hivi, kwamba tangu jana ganzi imempanda hadi vifundoni, na alikusudia kunyamaza mpaka mazishi yapite, asimharibie kaka yake shughuli. Lakini anaogopa, jamani, anaogopa kufa, kwa hiyo shemeji yake, kaka wa mkewe, awashe gari wamwahishe hospitali, ninyi mzike bila yeye.

Kaka, pumzika kwa amani, na usimsubiri.