Jina la Mstari wa Kumi

Mbele ya kibanda cha ufundi cha Felix, pale Tarime mjini barabara ya stendi inapokutana na uchochoro wa mafundi cherehani, kuna benchi la mbao za mkaratusi lililokaa juu ya ringi mbili za lori. Wenyeji wake ni wanne. Wa kwanza ni Nice, muuza kahawa, ambaye birika lake juu ya jiko la mkaa ndilo lililowakusanya wengine. Wa pili ni mzee Nyamhanga, aliyekuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na minane, na ambaye tangu aondoke huko anaitwa Hakimu, cheo ambacho serikali haikumpa. Wa tatu ni Anold, dereva wa bodaboda wa njia ya mpakani. Huyo wanamwita Sirari, kwa jina la mji wa mpakani. Wa nne ni Felix mwenyewe, fundi simu na kompyuta. Wanamwita Injinia, naye kwa miaka sita hajawakataza. Benchi lina sheria moja, nayo ni kuonja: chochote alichokitengeneza Felix hakirudi kwa mwenyewe kabla benchi halijakionja. Pasi ikipona, inanyoosha shati la Hakimu. Blenda ikipona, wanakunywa juisi ya parachichi. Sheria hiyo haikuwahi kumdhuru mtu hadi Jumamosi iliyopita.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, kikombe cha Felix kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

— Kunywa, mura, Hakimu alimwambia. Kahawa haijakukosea.

Felix hakunywa. Alikuwa akitazama upande wa stendi, kwa sababu basi la kutoka Mugumu lilikuwa njiani, na ndani yake alikuwamo mwalimu Teresia wa Morotonga.

Majuma matatu kabla ya siku hiyo, mwalimu Teresia alimletea diski ya kompyuta iliyofungwa katika kipande cha kitenge. Ilikuwa ya kaka yake, Ezra, aliyekuwa na ofisi ya kuchapa barua pale Mugumu na aliyefariki mwaka jana. Kompyuta yenyewe ilikuwa imeliwa na panya na kunyeshewa; diski peke yake ndiyo iliyosalimika. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa zamani wa mchimbaji, kijitu cha rangi ya njano kinachochimba mashimo, kinaokota vito na kukimbizwa na wadudu wenye macho makubwa. Mwalimu hakuutaka mchezo. Alisema neno moja tu, naye alilisema akiwa tayari amesimama kuondoka:

— Mle kuna jina aliloandika. Nataka nilione.

Kazi haikuwa nyepesi. Mchezo wa umri ule haukubali kufunguka katika kompyuta za leo. Unahitaji emuleta, yaani programu ambayo kazi yake ni kuudanganya mchezo uamini kwamba bado umo ndani ya mashine ya zamani. Felix aliagiza Mwanza waya wa kuunganishia diski za kale. Akaipata emuleta, akaiweka kwenye kompyuta, mchezo ukakataa. Siku ya nne tangu waya ufike ulikubali, lakini ukaenda kasi kiasi kwamba kijitu kilikufa kabla jicho halijakiona. Akaipunguza kasi, ukakwama. Akaiongeza kidogo, sauti ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Siku ya kumi na nne, Jumamosi mchana, kila kitu kilitulia mahali pake. Kijitu kikatembea, vito vikang'aa, muziki ukaimba. Felix alipiga ukelele, na benchi lote likaja kuonja.

Jambo ambalo hakulifanya ndilo lililokuwa likimtafuna sasa. Hakuunakili mchezo. Aliuendesha moja kwa moja kutoka kwenye diski ya marehemu, ilhali ulikuwa mdogo kiasi kwamba kuunakili kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Fundi anayeanza kazi leo anafundishwa hivyo asubuhi. Lakini walikuwa wanamwita, Injinia, Injinia, naye akakaa, akacheza.

Mchezo ule una orodha ya washindi kumi. Anayepata alama za kutosha anaandika jina lake, na aliyekuwa wa kumi anaanguka nje. Walicheza hadi Nice alipofunga jiko. Jioni Felix alipoitazama orodha, majina yote kumi yalikuwa ya benchi.

Ndiyo kesi iliyokuwa mbele yao asubuhi hiyo, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Sirari alianza. Kitu kikifutwa kwenye kompyuta, alisema, hakifi. Kinakwenda kwenye pipa, na yeye mwenyewe amewahi kuona mtu mpakani akirudisha picha za harusi nzima kutoka kwenye pipa. Felix akamweleza kwa upole kwamba jina halikufutwa. Liliandikiwa juu, kama mwalimu anavyoandika juu ya chaki ya jana bila kufuta. Ya jana haimo katika pipa lolote.

Nice aliliwaza jambo hilo huku akipuliza makaa.

— Sasa tukicheza vibaya makusudi, hatushuki? Mimi naweza kucheza vibaya kutwa nzima.

— Hilo tulishaliona, Sirari alisema.

— Ulilionea wapi, wewe uliyeliwa na mdudu ukiwa umesimama?

Hakimu aliinua kidole, nao wakanyamaza. Orodha haishushi mtu, alisema, inapokea tu. Yeye aliingia wa nane kwa haki, na hata akishindwa mara mia, hiyo nane ni yake hadi atokee wa kuichukua. Alikuwa ameitaja nane hiyo mara nyingi tangu Jumamosi.

— Basi turudishe tarehe, Sirari alisema. Kompyuta inajua leo ni leo kwa sababu umeiambia, bana. Iambie ni Ijumaa. Ijumaa kwani tulikuwa tumecheza?

Hakimu alilipima wazo hilo kwa heshima, akaona lina sheria ndani yake: mtu hawezi kushtakiwa leo kwa kosa atakalolifanya kesho. Felix alijua haiwezekani. Alijua kama anavyojua jina la mama yake. Hata hivyo alileta kompyuta ndogo, akaiweka juu ya mapaja, akairudisha tarehe hadi Ijumaa, akafungua orodha. Wote wanne waliinama. INJINIA, SIRARI, INJINIA, NICE, SIRARI. Majina yalikuwa pale pale.

— Ijumaa ni karibu mno, Sirari alisema. Rudisha zaidi. Weka elfu mbili na tatu.

Akaweka. Majina yalibaki, katika mwaka ambao Felix alikuwa darasa la pili na hajawahi kugusa kompyuta. Alifunga kifuniko taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo mna mgonjwa.

Hapo wakaanza kutafuta mwenye kosa. Hakimu alisema mstari wa kumi una mlango mmoja, na aliyemsukuma marehemu nje ni mtu mmoja tu, si wanne. Nani alitangulia kuandika jina? Sirari alisema ni Nice. Nice alisema yeye alicheza baada ya kuuza chapati zote, na chapati ziliisha saa tisa. Sirari akasema kama ni hivyo, ni Hakimu. Hakimu akauliza kama Sirari anajua adhabu ya kumsingizia mzee. Walibishana hivyo kwa muda, kila mmoja akiliondoa jina lake katika shauri kwa bidii ile ile aliyotumia kuliingiza katika orodha.

Raundi ya kwanza Jumamosi ilikuwa ya Felix, peke yake, kabla mwingine hajagusa kibodi. Alipata alama elfu nne, akawa wa sita, akaandika INJINIA kwa herufi kubwa. Waliokuja nyuma yake walikuta marehemu ameshatoka. Benchi liligombana mbele yake kwa kosa lake, naye akaliacha ligombane.

Nice alimtupia jicho. Kisha alikichukua kikombe chake kilichopoa, akakimwaga chini, akamjazia cha moto.

Mwishowe Hakimu akatoa hukumu. Marehemu hawezi kukosa kiti katika mchezo wake mwenyewe. Aandikwe.

— Wapi, mzee? Felix aliuliza.

— Juu kabisa. Mfu hawekwi mkiani.

Kuandika ilikuwa rahisi kuliko kucheza, na urahisi huo ulimuumiza Felix zaidi. Alilifungua faili la alama, akaandika EZRA katika mstari wa kwanza, na kando yake alama elfu tisini, ambazo katika mchezo ule hazipatikani hata mtu akicheza bila kulala. Alitaka kuyaondoa majina yao, lakini Sirari akasema alama zake elfu kumi na mbili amezitolea jasho, na kwamba marehemu naye anahitaji wenzake. Basi yakabaki. Wote walishuka nafasi moja, na jina la Nice lililokuwa la kumi likaanguka nje. Nice hakulalamika.

Mwalimu Teresia alifika na vumbi la Nyamongo kwenye mabega. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mkoba wa madaftari. Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikia ya wengine, akakaa mwisho wa benchi. Felix alimpa pole ya safari, akamwekea kompyuta mbele, akaukinga mwanga wa jua kwa jalada la boksi. Mwalimu alitoa miwani, akaivaa, akaweka kidole juu ya kioo na kusoma kutoka juu hadi chini, polepole, kama anayeita majina ya darasa. Alipomaliza, kidole kilirudi juu.

— Ezra hakuandika Ezra, alisema.

Alisimulia bila kumtazama yeyote. Siku alipoliandika jina, kaka yake alirudi nyumbani na kreti ya soda, akagawia nyumba nzima, akisema ameingia kwenye orodha baada ya miezi minane, wa kumi, wa mwisho kabisa, na kwamba hakuweka jina lake. Ameweka la mtu mwingine. Alimtaka aje ofisini alione. Mwalimu alikuwa anasahihisha mitihani. Akamjibu kwamba mwanamume wa miaka thelathini na mitano hachezi na mashine, na kwamba ataliona kesho. Ezra alicheka, na tangu hapo hakumwambia tena. Hakuoa. Alipougua, dada yake alimuuliza mara moja jina lile lilikuwa la nani, naye akasema liko mle, nenda kasome.

— Na hawa ni akina nani? Sirari, Hakimu?

Hakimu alikuwa akitazama viatu vyake. Sirari alikwenda kufuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na uchafu.

— Ni sisi, mwalimu, Felix alisema. Tulicheza.

Kisha akaona kwamba hata hilo lilikuwa ni kujificha.

— Hapana. Ni mimi. Wa kwanza kucheza nilikuwa mimi, sikuweka nakala. Hawa walimkuta ameshatoka. Na hilo la juu nimeliandika leo asubuhi.

Mwalimu hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema kweli na bado amekosa hesabu.

— Lakini kabla ya kucheza uliiona orodha.

— Niliiona.

— Ilikuwa na majina kumi.

— Kumi, mwalimu.

— Basi la mwisho lilikuwa nani?

Sirari aligeuka kutoka kwenye pikipiki, kitambaa mkononi.

— Si lilikuwa Teresia, Injinia? Si ulituambia?

Felix hakuwa amewaambia kitu. Hakimu, aliyesikiliza viapo kwa miaka kumi na minane, hakumkemea Sirari. Alimtazama Felix kwa macho ya mtu anayeomba jambo. Na uso wa mwalimu ulikuwa umefunguka. Ulikuwa uso wa msichana, ghafla, chini ya miwani ile. Neno moja lingetosha. Angeondoka nalo hadi Morotonga, angeishi nalo, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulikanusha.

Felix aliyatazama yale elfu tisini aliyoyaandika kwa mkono wake.

— Sikulisoma, alisema. Nilikuwa natazama la kwanza, nijue ni alama ngapi za kupita.

Nice aliliinamisha birika ili ampatie mgeni kikombe. Yalitoka matone mawili na machicha. Alilirudisha juu ya jiko likiwa tupu, na hakuna aliyemwambia apike nyingine.

Mwalimu Teresia alivua miwani, akaikunja, akaishika kidogo mkononi. Kisha akaivaa tena, akamsogelea Felix.

— Hata herufi ya kwanza?