Tunaomba Mwalimu Winfrida Asituache Kabla ya Mtihani

Mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu, shikamoo mama. Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu, shikamooni.

MAKARIBISHO

Karibu sana Lukwambe. Tumeona gari lilivyoshindwa na utelezi, ukavua viatu ukapanda kwa miguu. Wageni wengine huishia kule chini wakatuma salamu. Ahsante kwa kufika.

HISTORIA FUPI YA HESABU DARASANI KWETU

Tupo wanafunzi arobaini na wawili. Hadi mwaka juzi hesabu za mafumbo tulizifanya kwa kubahatisha. Tukiona namba mbili tunajumlisha. Jibu likikataa, tunazidisha. Ndipo akaja Mwalimu Winfrida. Alitukataza kushika kalamu kabla ya kulieleza swali kwa maneno yetu wenyewe, hata kwa Kiluguru.

Siku moja mwaka jana aliandika ubaoni: "Baba ana miaka 36, mwanawe ana miaka 12. Baada ya miaka mingapi umri wa mwana utakuwa nusu ya umri wa baba?" Wengi tulipata 12, maana hapo mwana atakuwa na 24 na baba 48. Mwenzetu Shamsia Mwinjuma, huyu anayekusomea, aliandika 6. Mwalimu akamwekea kosa.

"Umesahau kwamba baba naye anaongezeka miaka," alimwambia.

Shamsia akasimama. "Baba yangu haongezeki, mwalimu. Alifariki akiwa na thelathini na sita. Ninaongezeka mimi tu."

Mwalimu alikwenda kukaa kwenye dawati la Shamsia, akamshika mkono mpaka alipomaliza kulia. Kisha akarudi ubaoni, akaandika:

12 + x = ½(36 + x)

12 + x = ½ × 36

"Haya ni maswali mawili, na yote yana jibu sahihi," alisema. "Kosa ni langu. Sikumuuliza alivyolielewa."

Akafuta lile kosa daftarini, akaweka vema. Tangu siku ile hakuna aliyeona aibu kuuliza.

MAFANIKIO

Katika jaribio la mwezi wa tatu, 28 kati yetu walipata mafumbo yote. Hiyo ni theluthi mbili, tumerahisisha wenyewe. Castory, aliyekuwa akijificha chooni kipindi cha hesabu, sasa anawaelekeza wadogo zetu wa darasa la tano.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Mama, hadi hapo risala aliisahihisha Mwalimu Winfrida. Yanayofuata tumeyaongeza bila yeye kujua.

Barua yake ya uhamisho imefika. Anatakiwa kuripoti Dakawa mwezi wa saba. Mtihani wetu wa kumaliza shule ni mwezi wa tisa.

Tulikuwa tumeandika kwamba asihamishwe kabisa. Shamsia akatuzuia: "Jamani, mwanawe ana miaka minne, analelewa na bibi yake huko Dakawa. Wanaonana likizo tu. Na yule mtoto je?" Tukaifuta sentensi ile, ingawa wengine walinuna.

Kwa hiyo tunaomba aende, lakini baada ya mtihani. Na wadogo zetu waletewe mwalimu wa hesabu mwenye moyo kama wake.

Mwalimu, tusamehe kwa kukuficha. Siku ya safari mizigo yako tutaibeba sisi, wote arobaini na wawili, mpaka barabarani.

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akushushe mlima salama, uwakute wa nyumbani kwako wazima.

Ni sisi wanao,
Darasa la Saba,
Shule ya Msingi Lukwambe, Uluguru.